Mchanga kwenye Barabara ya Chukulia

Nyamizi alifikaje Chukulia? Hilo msiniulize mimi. Sikumsindikiza, na yeye mwenyewe kila akifika sehemu hiyo ya masimulizi huzungusha mkono hewani tu, basi, ameshafika. Ninachokijua ni kwamba ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, naye kaketi maktaba ya chuo na karatasi ya mtihani wa zamani mbele yake. Swali la tatu lilianza hivi: chukulia kuwa barabara haina msuguano, puuza hewa, puuza ukubwa wa mwili. Alikuwa amelisoma mara arobaini. Halielewi, analikariri. Mara ya arobaini na moja alipoinua macho, maktaba haikuwepo.

Ngojeni kwanza niwaambie alikuwa na nini moyoni, maana bila hilo mtadhani alikwenda kutembea tu. Nyamizi alikuwa mwaka wa kwanza, anasomea kompyuta. Mtu kaja mjini kujifunza kuandika programu, anakutana na fizikia: magari yasiyo na dereva yanayogongana, mawe yanayorushwa kutoka juu ya mnara na watu ambao hatuambiwi wana kisa gani na mnara huo. Ukiuliza fizikia na kompyuta wapi na wapi, unajibiwa kuwa ni kozi ya lazima. Alikuwa ameifeli. Sasa zilibaki siku nne afanye mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi wanauita supu, na supu hiyo haina hata mfupa.

Lakini si supu iliyokuwa inamla. Alikuja chuoni kutoka Tabora pamoja na Shija, mtoto wa nyumba ya jirani, ambaye walikaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na chuoni wakapanga chumba kimoja. Shija ndiye alikuwa mwenye kuuliza. Siku moja alinyoosha mkono akamuuliza mhadhiri kwa nini msuguano upuuzwe, wakati bila msuguano hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kutembea kufika darasani. Darasa zima likacheka. Nyamizi naye alicheka. Mhadhiri akamwambia Shija asome swali lilivyo. Jaribio la kwanza Shija akapata nne kwa arobaini, na juma lililofuata akafunga begi akaondoka bila kumuaga mtu.

Akiwa njiani alimpigia Nyamizi simu mara tatu. Nyamizi aliiona simu ikiwaka juu ya daftari. Alikuwa anakariri. Akajisemea, nitampigia mtihani ukiisha. Mtihani ukaisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na simu usiyoipiga leo kesho inakuwa nzito zaidi, keshokutwa huiwezi kabisa. Ikapita miezi mitano hivi. Siku kamili hakuzihesabu.

Basi huyo ndiye aliyejikuta amesimama mbele ya lango la Chukulia.

Nchi yenyewe ni tambarare, nyeupe, inang'aa. Hakuna upepo. Hakuna mti, kwa sababu mti una majani mengi mno ya kuhesabu. Juu kulikuwa na wingu moja tu, la mviringo kamili, nalo halisogei. Mwanga unatoka kila upande, kwa hiyo hakuna aliye na kivuli, na usiku hawana, maana saa haikutajwa kwenye swali. Nyamizi anasema kilichomtisha hakikuwa hayo. Kilichomtisha ni kwamba alivuta pumzi na hakusikia harufu ya kitu chochote, hata ya nguo zake mwenyewe.

Langoni alikaa karani mmoja aliyeitwa Takriban, mtu mwembamba mwenye kuongea taratibu, na macho yake hayakutua juu ya kitu hata mara moja. Mbele yake alikuwa na fomu yenye mistari mitatu na kitambaa cheupe. Nyamizi akamwamkia shikamoo kama alivyofunzwa kwao. Takriban akatazama fomu kuona kama salamu imo. Haimo. Akaendelea.

Akamwandika kilo moja. Nyamizi akasema yeye ni kilo hamsini na nane. Takriban akamweleza, bila ubaya wowote, kwamba katika nchi yao kila mtu ni kilo moja, hesabu zinakuwa nyepesi. Palepale Nyamizi akahisi miguu yake haikanyagi sawasawa. Kisha akaulizwa kilichomleta. Akajibu anasomea kompyuta. Takriban akauliza, sasa fizikia ya nini? Nyamizi akasema hata wao hawajui, imo kwenye orodha ya kozi. Karani akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hilo ndilo jibu wanalotoa wote wa kompyuta, na aliyeiandika orodha walishampuuza zamani.

Yaliyobaki akayafuta. Jina la baba, dogo, puuza. Njaa, ndogo, puuza. Kila akisema puuza alipitisha kitambaa hewani kama mtu anayefuta meza. Alipofika kwenye mji atokako akafuta pia, na Nyamizi akijaribu kulikumbuka jina la mtaa wao, halipo. Analijua kabisa na halipo. Hapo ndipo alipoanza kuogopa kweli.

Akapangiwa kukaa kwa mwanamke aliyeitwa Bi Nukta, mtu mzima, mpole, ambaye nyumba yake haikuwa na kiti wala kitanda, kwa kuwa mwili ambao hauna ukubwa hauna pa kukaa wala pa kulala. Bi Nukta alimpokea vizuri. Alimwita mwanangu. Hiyo nayo haikuwa kwenye fomu, akaisema kwa sauti ya chini huku akitazama mlango.

Nyumba ilielekea barabara. Sasa barabara ya Chukulia ndiyo fahari ya nchi. Upana wake ni kama uwanja wa mpira, inazunguka nchi nzima, na imesuguliwa miaka na mikaka mpaka hakuna msuguano uliobaki. Ukisukumwa juu yake mara moja, hata kwa kidole, umekwenda. Husimami tena. Kandokando kuna ukanda mwembamba wa mawe makavu, na huo ndio wanaoupita wananchi wote kwenda sokoni na barazani, lakini mwulize yeyote kama ukanda upo, atakuapia haupo, na huku kasimama juu yake. Nyamizi aliuliza pia kinachofanya watu wanaoteleza wapinde kona badala ya kwenda moja kwa moja. Akaambiwa swali halikuuliza hilo.

Wakiwa wamesimama hapo mlangoni, Bi Nukta akanyoosha mtandio wake akasogea ukingoni. Katikati ya barabara akaja mwanamume. Amesimama wima, mikono imenyooka mbele kama mtu aliyekuwa anakumbatia, wala hatembei. Anakuja tu. Mwendo wake hauongezeki wala haupungui. Alipofika mbele ya nyumba aligeuza uso akamtazama Bi Nukta, akapita, akaenda zake, mpaka akawa kidoa. Kote mtaani watu wakasema siku moja imekwisha, maana Chukulia wanahesabu siku kwa yeye kupita.

Huyo ni mume wangu, Bi Nukta akasema. Akamweleza bila kulia. Aliyesukumwa mwanzo alikuwa ni yeye, Bi Nukta. Mumewe hakustahimili kumwona akipita kila siku, akaingia barabarani akamzuia kwa kifua. Bi Nukta akasimama pale pale. Mume akaondoka na mwendo uleule, mwelekeo uleule. Ndiyo sheria ya nchi, mwendo haupotei. Ukimwondolea mwenzio, unaubeba wewe. Wahenga wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wahenga hao hawakufika Chukulia.

Hapo Nyamizi akamwona mwingine anakuja.

Begi mgongoni. Kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa, kile alichomnunulia Nyamizi mwenyewe siku waliyofika chuoni, viwili vya kufanana. Alimjua kabla hajauona uso. Akapiga kelele, Shija, Shija, akakimbia juu ya ukanda ule usiokuwepo, mawe yanamchoma, lakini mwendo wa Shija ulikuwa wa haraka kuliko miguu yake. Shija akageuza uso. Hakuonyesha kuchukia wala kufurahi. Alipopita mbele yake alisema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nilikupigia."

Akaenda. Nyamizi akabaki pale, anatazama kitambaa cha machungwa kikififia. Anasema angetukanwa ingekuwa nafuu.

Alikwenda moja kwa moja barazani kuomba msaada. Akawakuta wakubwa wote wa nchi kwenye mjadala, na mjadala huo una miaka mia na kidogo. Kuna Wakumi na kuna Watisa. Wakumi wanasema kitu kikiangushwa huongeza kasi kwa kumi, kwa sababu kumi ni namba ya heshima. Watisa wanasema ni tisa na nukta kadhaa, na hizo nukta wamezifia. Wamenuniana, hawaoleani, wana viti vyao mbalimbali. Na jamani, nchi yenyewe haina kitu cha kuangusha. Hakuna embe, hakuna ghorofa, hakuna aliyewahi kuona kitu kikianguka tangu azaliwe. Nyamizi, roho iko juu kwa sababu ya Shija, akawaambia basi vueni kiatu mkiangushe mtazame.  Mzee mmoja wa Wakumi na mwingine wa Watisa, ambao hawakuwa wamesalimiana miaka thelathini, wakatazamana kwa mara ya kwanza, wamekubaliana kitu: msichana huyu hana adabu. Kupima si desturi yao.

Akatolewa nje. Takriban ndiye aliyemsikiliza, kwa sababu kusikiliza ilikuwa ndani ya masaa yake ya kazi. Akafungua daftari la barabara. Msichana mwenye begi, ndiyo, yumo. Kasukumwa mara moja. Nyamizi akauliza nani alimsukuma. Karani akapitisha kidole kwenye mstari.

"Msukumo ulikuwa mdogo sana," akasema. "Ukiwa mdogo hatuandiki jina."

Nyamizi akaona ile simu ikiwaka juu ya daftari, na akajisikia akicheka na darasa. 

Kisha Takriban akamweleza lililobaki kwa utaratibu uleule wa mtu anayetoa risiti. Aliye barabarani anahesabiwa mizunguko, ila mume wa Bi Nukta tu, kwa kuwa yeye ndiye wanayehesabia siku. Mizunguko mia moja na hamsini ikitimia bila mtu kumdai, anapuuzwa. Hafi, la, Chukulia hakuna anayekufa. Ataendelea kupita kila siku, ila hakuna atakayemwona, wala atakayemsikia, na huko alikotoka hakuna atakayekumbuka kuuliza habari zake. Msichana huyu leo alikuwa kwenye wa mia moja na arobaini na tisa.

Kwa hiyo kesho. Nyamizi akauliza kama anaweza kumdai. Takriban akasema anaweza, kwa kumsimamisha, na mwendo wake atauchukua yeye. Ni haki yake kabisa. Fomu ipo.

Alirudi kwa Bi Nukta akaketi chini, penye sakafu isiyo na baridi wala joto, akalia. Alitaka kukubali. Akajiona yeye ndiye anayeteleza, na Shija kabaki ukingoni akimtazama kila siku mpaka mia na hamsini zitimie, na Shija, kwa anavyomjua, asingevumilia hata siku mbili, angerudi barabarani kumzuia. Wangebadilishana hivyo mpaka mwisho wa dunia.

Hapo, anasema, kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifikiri fizikia bila kukariri. Alimkumbuka bibi yake. Mlango wa nyumba yao ulikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, na masika ukilowa unateleza balaa. Kila alfajiri ya mvua bibi alitoka na karai la majivu na mchanga, akamwaga pale, ili yeye na Shija wasianguke wakienda shule. Walikuwa wakishuka mbio, miguu inashika, wanasimama chini wanacheka. Ule mwendo wa mbio ulikuwa unakwenda wapi? Hakuna aliyeubeba. Bibi hakuubeba. Uliingia ardhini, na ardhi ni kubwa, haijali. Haya mambo alikuwa anayajua tangu ana miaka saba na chuo kizima hakikumwambia kuwa anayajua.

Akamuuliza Bi Nukta: msuguano mlipouondoa barabarani, mliupeleka wapi?

 Bi Nukta akamwonyesha kwa kidevu. Nyuma ya baraza lipo ghala, akasema. Hakuna anayelilinda, kwa sababu huwezi kulinda kitu ambacho hakipo.

Nyamizi hapendi kusimulia ghala lile, na mimi nitapita haraka. Ni refu kupita upeo wa macho. Mlango haukuwa na kufuli. Ndani kulikuwa na kila kitu walichopuuza: magunia ya mchanga, soli za viatu zilizofungwa kwa kamba, marundo ya uzito wa kamba, ule ambao mitihani huuita sifuri, upepo umerundikana pembeni unapumua. Na harufu zote, jamani. Alisikia harufu ya sabuni, ya jasho, ya mahindi ya kuchoma, akatamani kupiga magoti. Halafu kulikuwa na watu. Wamesimama kwa mistari, wengi, kimya, wanamtazama kwa adabu ya wageni waliosahauliwa sebuleni. Hakuna aliyenyoosha mkono. Walimpisha tu.

Karibu na magunia alikaa bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ameshika orodha. Ndiye yule aliyeiandika. Nyamizi hakuwa na muda, lakini mtu akikaa miaka yote na jibu mkononi huwezi kumpita bila kumuuliza. Akamwamkia. Bwana yule akaitika marahaba kwa sauti iliyokauka, na macho yakamjaa machozi. Alisema sababu ya fizikia kuwa lazima aliiandika ukurasa wa pili, wakauchukua wa kwanza tu.

"Ninyi wa kompyuta mtaziamuru mashine zihesabu," akasema. "Nilitaka mjue mmeziambia ziache kuhesabu nini."

Nyamizi akasema ameelewa, baba. Bwana yule akamsaidia kujaza mchanga kwenye begi la vitabu. Vitabu akaviacha pale.

Zamu ya mume wa Bi Nukta kupita ikafika, akapita, watu wakasema siku imekwisha. Nyamizi akatoka. Akamwaga mchanga mbele ya mguu wake, akakanyaga, akamwaga tena mbele, akakanyaga, namna hiyo mpaka katikati ya barabara, na hapo akautandaza upana wa kitanda. Ulionekana mchafu sana kwenye weupe ule. Watu wakaanza kukusanyika kwenye ukanda wao. Wakumi walikuja, Watisa walikuja. Takriban akaja na fomu na kitambaa. Hakufoka. Alisoma kwamba mgeni ameleta msuguano mahali ambapo umechukuliwa kuwa haupo, na adhabu yake ni moja. Puuza, akasema, akapitisha kitambaa.

Nyamizi aliona macho ya watu yakimwacha moja baada ya jingine, kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Wakabaki wanaitazama barabara. Mmoja akauliza kwani walikuwa wamekuja kutazama nini. Bi Nukta peke yake aliendelea kumwangalia, mdomo umebana, anavunja sheria mbele za watu.

Shija akatokea. Kitambaa cha machungwa kwanza, kisha uso. Nyamizi akapiga magoti juu ya mchanga, akafungua mikono, akaomba kwa Mungu wa bibi yake. Shija aliukanyaga ukingo wa mchanga na miguu ikashika. Akaenda mbele kifudifudi, magoti chini, begi likamruka kichwani, akamgonga Nyamizi kifuani, na wote wawili wakaburuzwa. Nyamizi akashindilia viganja kwenye mchanga. Ngozi ilichunika. Ilikuwa moto, moto wa kweli, na harufu ya kuungua ikapanda mpaka watu wa ukandani wakaziba pua bila kujua wanaziba nini. Alishikilia. Wakasimama hatua mbili kabla mchanga haujaisha.

Na hapo nchi nzima ya Chukulia ikasogea kidogo. Lile wingu la mviringo likacheza. Wananchi wote walipepesuka kwa pamoja, wakashikana mabega, wao ambao hawagusani. Wakubwa wakakaa kikao cha dharura hapohapo waliposimama, wakajadili kama ardhi imesogea, na wakapitisha kwa kauli moja kwamba imesogea, lakini kidogo mno, basi ipuuzwe. Takriban akafuta.

Shija alikuwa anapumua kama mtu aliyetolewa majini. Alitazama magoti yake, yanatoka damu, akayagusa kwa kidole, akatabasamu kwa kuona yanauma.  Nyamizi akamshika mkono tu, kwa viganja vyake vilivyochunika vile.

Bi Nukta akawajia juu ya njia ya mchanga, amevua viatu. Alikuwa hajakanyaga kitu cha kukwaruza tangu ujana wake, na alitembea akitazama nyayo zake. Mbele ya Nyamizi akakinga mtandio.

"Uliobaki niachie, mwanangu," akasema. "Kesho atapita."

Nyamizi akamkung'utia mtandioni mchanga wote wa begini, kisha wakirudi ukingoni yeye na Shija wakauzoa na ule wa njiani, wakamwongezea. Alijaribu kumwambia adhabu itakayompata. Bi Nukta akasema anaijua, aliisoma kila siku kwenye uso wa mtu anayepita.

Kutoka hakukuwa na shida. Takriban alikuwa ameshatangulia kurudi langoni, naye aliinua macho, yakampita Nyamizi, yakampita na Shija, maana kwa daftari la barabara huyo alikuwa bado anateleza, na anayeteleza hawezi kuwa amesimama mbele yake. Wakapita ubavuni mwake, karibu kiasi cha kumgusa bega. Nyamizi akasema kwaheri. Karani akageuza shingo kidogo, kama aliyesikia nzi. Hatua moja nje ya lango mkono wa Shija ukawa mwepesi ndani ya mkono wake, hatua ya pili hakuushika tena, na lile jina la mtaa wao likamrudia kinywani mwake, akalitamka kwa sauti. Msichana wa meza ya jirani akamwambia shii, hapa ni maktaba.

Saa ukutani ilikuwa bado ni tano, imezidi dakika chache. Panga boi lilikuwa linazunguka juu, upepo unageuza ukurasa wa swali la tatu. Begi lake lilikuwa tupu, na meza ilikuwa na chembe za mchanga. Viganja vyote viwili vimechunika. Msinitazame hivyo, na mimi niliviona vikiwa na makovu.

Hakuondoka kwenda zahanati. Alitoka nje ya maktaba, akakaa kwenye ngazi, juani, akapiga simu kwa kifundo cha kidole maana ncha zilikuwa zinauma. Iliita mara moja, mara mbili. Mara ya sita ikapokelewa. Nyamizi akasema ni mimi.

 Shija akasema, kama anayezungumza na nafsi yake, kwamba ameanguka sasa hivi, ndani kwa mama, kwenye sakafu kavu ya saruji, wala haelewi ametelezea nini. Magoti yote yamechubuka. Na yamejaa mchanga, Nyamizi, mchanga mweupe, na hapa Tabora mchanga mweupe umetoka wapi?

 Nyamizi alisikia pumzi ya mwenzake upande wa pili, mama mtu akiuliza kwa mbali ni nani huyo, na kuku.

"Nilikupigia," Shija akasema. "Mara tatu."

Miezi yote mitano Nyamizi alikuwa amejiandalia majibu ya siku hii: simu ilikuwa chaji, simu ilikuwa kimya, nilikuwa darasani. Madogo madogo yote. Akatazama viganja vyake.

"Najua," akasema. "Niliiona."

 Jua lilikuwa linampiga Nyamizi usoni, machozi yanadondoka kwenye kidonda yanawasha. Hakuna aliyekata simu. Kisha nasikia Shija alianza kusema, na alisema sana, lakini mimi habari zangu zinakomea kwenye zile ngazi. Yaliyobaki ni ya wawili wale.